Luseno Aliyeomba Azikwe Bila Busaa

Mchungaji, majirani wa Baba Dogo, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu ili mtusindikize, familia imemwomba Shitanda, kaka yake Khalayi mjane wa marehemu, asome maisha ya shemeji yake kama sisi wa nyumbani tulivyoyaandika, naye marehemu aliacha neno kwamba yasomwe yote bila kupakwa rangi, kwani rangi aliichanganya kiwandani miaka mingi na alijua inavyoficha ukuta mbovu.

Luseno alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 karibu na soko la Malava, Kakamega, akiwa mtoto wa kwanza wa kiume, akasoma huko hadi darasa la saba mwaka 1967, kisha akaja kwa mjomba wake Kaloleni hapa Nairobi, na mwaka 1974 akaajiriwa katika kiwanda cha rangi. Tarehe 18 Desemba 1976 alimwoa Khalayi, wakajaliwa Mourine mwaka 1978 na Andati mwaka 1982, na aliyewatembelea siku hizo alikuta nyumba yenye vicheko.

Pombe iliingia polepole, kwanza ya Jumamosi, kisha ya kila jioni, mwisho ikawa ya asubuhi ili mikono iache kutetemeka, na mwaka 1991 kiwanda kikamwachisha kazi. Januari 1993 Shitanda alikuja kumchukua dada yake na watoto, akawarudisha Malava, na Luseno alisimama mlangoni akitazama magodoro yakibebwa, na hata siku hiyo alikuwa amelewa.

Mwaka uliofuata Teresiah, muuguzi wa zahanati moja ya Kariobangi, alimweleza kwamba kuna watu wanaokutana kila Jumamosi katika kanisa moja kule Donholm, wanasaidiana kuacha pombe, naye akifika atataja jina lake na shida yake, na hakuna atakayemcheka. Tarehe 11 Juni 1994 Luseno alioga, akavaa koti lake la harusi, akatembea kando ya barabara ya Outer Ring, njiani akageuka kurudi, akageuka tena, mpaka akafika, akakuta ukumbini watu wanaozungumza kwa sauti ya chini, chai kwenye birika, na mzee mmoja akiwaomba wageni wajitambulishe. Akasimama akasema, "Naitwa Luseno, natoka Baba Dogo, mimi ni mlevi, bibi yangu amerudi kwao na watoto, na nimechoka."

Watu waligeuka wakamtazama, kwa sababu kikundi alichokitafuta kilikuwa chumba cha nyuma, na hawa walikuwa kamati ya mazishi, wakipanga kuusafirisha hadi Machakos mwili wa mume wa mama mmoja aitwaye Nthoki, mume aliyeuawa na pombe kali ya chang'aa wiki hiyo. Mwenyekiti akamwambia kwa upole, "Mzee, hapa tuko na matanga," na kwa aibu aliyoipata angetoka hapo moja kwa moja hadi kilabuni, lakini Nthoki akasema, "Mwacheni amalize. Wangu hakuwahi kusema hivyo hata siku moja." Alipomaliza, mjane huyo aliacha mipango ya mazishi ya mumewe, akamshika mkono, akampeleka chumba cha nyuma.

Tangu hapo Jumamosi zake zikawa za Donholm, akapata vibarua vya kupaka nyumba rangi, na Agosti 1995 Khalayi alirudi, baada ya kwanza kuja bila taarifa ili amnuse.

Desemba 1996 mama yake Luseno alifariki, na kama ilivyo kwetu busaa, pombe yetu ya nafaka, ikapikwa, chungu kikawekwa katikati ya wazee, na mrija wa kwanza wa kunywea akapewa yeye, mwana mkubwa, akaambiwa kwamba kuukataa ni kumkataa mama. Alivuta, na hakurudi Nairobi hadi Februari, akiwa amekonda, akaenda tena chumba cha nyuma na kujitambulisha upya, na kuanzia siku hiyo hakuonja tena.

Ini, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kuharibika, akaanza kuugua mwaka 1998, na Jumanne tarehe 5 Oktoba 1999, asubuhi, akatutoka hospitalini, Khalayi akiwa kando yake. Wapo wanaouliza alifaidika nini kuacha, na swali hilo linatuuma, ila tunajua kwamba alikufa akiwatambua wanawe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi aliofanya nao kazi, na watu wa chumba cha nyuma, ambao hatutawataja majina, mmekaa hapa na mnajijua.

Jioni hii tunaondoka kwenda Malava, ambako tumesikia kimea cha busaa kimeshaanikwa, na kesho mrija wa kwanza ungepewa Andati, mwenye miaka kumi na saba, na hilo ndilo baba yake aliloliogopa kuliko kifo, akaomba azikwe bila busaa. Wazee bado hawajakubali. Khalayi amesema chungu kikiletwa atakimwaga mwenyewe, waseme watakavyo, na Nthoki, ambaye hana ukoo nasi, ameshapanda basi na birika lake la chai, amekaa karibu na Andati.

Lala kwa amani, Luseno, mrija haumfikii mwanao.