Kilio Bila Gogo

Mheshimiwa mwakilishi wa komini ya Karisimbi, waheshimiwa wajumbe mliokuja kwa mkutano wa nishati safi wa nchi za Maziwa Makuu, wachungaji na mapadri, wakubwa wa mtaa wa Murara, mama zangu wa chama cha briketi, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wenzangu wavunja mawe mliosimama nyuma kwa kukosa viti: ninawasalimu kila mmoja kwa cheo chake na kwa uchovu wake.

Leo ni Jumamosi, tarehe kumi na tatu mwezi wa tisa, na ni mwaka wa tatu tangu nilipotoka kwetu Masisi. Ninaitwa Damascène. Ninavunja mawe ya volkano yanayojengewa nyumba za mji huu wa Goma. Shule niliiachia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea mbele ya wasomi, mnisamehe. Nimeombwa niseme kwa sababu karakana hii tunayoifungua imepewa jina la mke wangu, Émérance, ambaye tulimzika mwezi wa tano.

Mnajua alichofanya. Alikusanya vumbi la makala, yaani mkaa, chini ya meza za sokoni, na maganda ya ndizi na ya viazi, akavikanda kwa mikono, akavikausha juu ya mabati vikawa briketi, akawafundisha wamama kupika bila kununua mti wa parke, ule msitu wa hifadhi. Alianza mwaka ule mdogo wake, Umurerwa, alipoingia msituni kutafuta kuni, asirudi. Hatukuona hata kitenge chake.

Kifua kilipomshinda, Émérance aliniita kwa jina la binti yetu, Mimi, kama kawaida yake: "Papa Mimi, nikikufa usiwashe gogo. Kama hilo gogo lilitoka pale Umurerwa alibakia, mimi nitalala namna gani?"

Nikamjibu kwamba sitawasha. Mlitaka niseme nini mbele ya mgonjwa?

Waheshimiwa wajumbe, mmekaa siku mbili mkitafuta sheria moja ya misitu kwa nchi zetu zote, na ninawasifu, maana moshi hauulizi mpaka. Lakini je, mlizungumza habari ya kilio? Kwetu mtu akifa, gogo zima linawekwa uani, linawaka usiku baada ya usiku mpaka watu watawanyike, na kila jirani anakuja na beseni la makala kichwani. Lori la makala mnaweza kulizuia kwenye barabara ya Kibumba. Gogo la kilio nani atalizuia? Nani atamuuliza mfiwa kuni zake zimetoka wapi?

Sisi tulimlilia Émérance kwa briketi, ndani ya mbabula, lile jiko dogo la makala. Briketi inapika vizuri sana, lakini haitoi ndimi za moto. Inakaa nyekundu, kimya. Na mvua ilinyesha. Jirani yetu Mama Joyeuse, yule pale, alijifunga blanketi mbili akasema, "Papa Mimi, marehemu alisema kweli, lakini hii baridi yeye haioni. Iko ya sisi."

Tukacheka kidogo. Ndipo shemeji yangu Théogène, kaka ya marehemu, akaingia na watu waliotoka Masisi. Akazunguka uwanja wote akitafuta moto.

"Shemeji, hapa kuko kilio ao kuko mukutano?"

Nikamweleza neno la dada yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hakupaza sauti.

"Umurerwa hatukumuwashia moto, sababu hatukuona mwili," akasema. "Huyu mwili wake uko hapa. Na huyu pia munamulaza mu giza? Wakubwa wa Goma wanaliliwa na magogo. Ju ya nini mutu wa kujaribishia akuwe dada yangu?"

Baada ya maziko alimshika mkono Mimi wetu, mwenye miaka tisa, akapanda naye Masisi. Akaniambia, "Siku utawasha moto wa mama yake kule kwetu, siku hiyo utamuchukua."

Simwiti mtu mbaya. Amepoteza dada wawili, na kitu alichotaka kuwapa ni moto.

Kwa hiyo nikisikia mnasema jamii ihamasishwe, mimi ninaona uso wa Théogène. Yeye hapingi habari ya misitu. Anauliza kwa nini wadogo ndio walilie watu wao gizani, hali wakubwa wanaendelea na magogo yao. Sheria isiyofika kwenye kilio cha mkubwa, mimi nitaipandisha mlima wa Masisi kwa miguu gani?

Siombi gari wala msaada. Ninaomba jina moja kutoka viti hivi vya mbele: mtu mmoja mwenye cheo atakayesema hadharani, familia yake ikisikia, kwamba siku yake ikifika asiwashiwe gogo la parke. Najua si adabu kumwambia mgeni afikirie kifo chake kabla ya chakula. Lakini Émérance alilisema neno hilo, na hakuwa na cheo chochote.

Ninawashukuru wamama wa chama, ambao hata wiki ya maziko hawakuacha kukanda. Ninamshukuru aliyeandika jina lake juu ya mlango, na hakulikosea.

Mimi nitamaliza msingi wa nyumba tunayojenga karibu na Kituku, halafu nitapanda. Gogo sitawasha. Nitakaa uani kwa Théogène. Kama nimepata jina, nitamtajia. Kama sikulipata, nitakaa vilevile, mpaka Mimi atoke nje. Ninatazamia kufika kwetu Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, barabara ikikubali. Asanteni kwa kunisikiliza mpaka hapa.