Honi Iliyopigwa Benezette: Maisha ya Elisante Naftali Mshana

Waliokuwepo Benezette, jimbo la Pennsylvania, asubuhi ya Jumamosi tarehe 18 Januari 2025, ni hawa: Elisante Naftali Mshana, ambaye jeneza lake liko mbele yenu, Kimani Wainaina wa Riverdale Park, rafiki yake na mwenye gari, Adela Msuya, shemeji yake, na Kalisti Tarimo, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, aliyeomba mwenyewe kwenda. Hakuwepo mwingine. Familia imeanza na majina kwa sababu tangu siku ile yamesemwa mengi kwenye kundi la simu, na wengi waliosema hawakuwepo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961 Usangi, Upare ya Kaskazini, mtoto wa tatu wa marehemu Mwalimu Naftali Mshana na marehemu Mama Nakijwa, akasoma shule ya msingi hapo hapo Usangi, kisha sekondari Moshi, na mwaka 1984 akahitimu Muhimbili, Dar es Salaam, ufundi wa kupiga picha za eksirei, kazi aliyoifanya nyumbani kwa miaka kumi na moja, na baadaye hapa Marekani, hospitalini Gaithersburg, hadi alipostaafu mwaka 2023. Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na Vaileth Msuya, dada yake Adela, wakajaliwa watoto wawili, Irene na Sebastian, ambao wako hapa na mama yao.

Desemba ya mwaka 2009, theluji kubwa ilipoanguka, aliona kulungu dume amesimama nyuma ya jengo lao Hyattsville, mvuke ukimtoka puani, akampiga picha kwa kamera ya kuazima, na tangu hapo kila majira ya baridi aliendesha gari saa nyingi kuwafuata wanyama wakubwa milimani, hasa elki, ndugu mkubwa wa kulungu, ambaye dume lake humpita uzito fahali wa kienyeji. Mlimcheka. Mlisema mtu mzima anachunga ng'ombe wasio na mwenyewe. Adela, alipomwona akikunja shuka jeupe alilokuwa akijifunika alalapo kwenye theluji, alimwambia, "Shemeji, wenzio huvikwa sanda, wewe unajivika mwenyewe!" Naye akamjibu, "Ndiyo, na wewe shika upindo huo, tukunje."

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi: alilala kimya chini ya shuka, upepo ukimpiga usoni, akasubiri mnyama aje mwenyewe, asimsogelee, asimwite, kwa sababu, kama alivyomweleza kila aliyeandamana naye, mnyama wakati wa theluji anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, na kumkimbiza bure ni kumnyang'anya chakula ambacho hatakipata tena hadi majani yaote. Kwa hiyo aliyeandika kundini kwamba marehemu "alimsogelea mnyama kwa tamaa ya picha" amemzulia maiti uongo.

Asubuhi ile marehemu alilala ukingoni mwa uwanda, mbali na barabara, na kundi la elki likashuka kutoka msituni likawa kati yake na gari. Wainaina akatoka kukwangua barafu kwenye kioo, Kalisti akahamia kiti cha dereva apate joto, akatoa simu yake apige picha, akaona wanyama wote wameinama wanatafuta majani. Adela, aliyekuwa kiti cha nyuma, alimsikia akisema, "Mbona wameinama kama wako kwenye sala? Ngoja niwaamshe." Wainaina naye akasikia, akagonga kioo, akapiga kelele, "Wacha hiyo honi, Mwenyekiti! Mzee ako chini hapo mbele yao!" Kalisti akajibu, "Ng'ombe ni ng'ombe tu, bwana," akapiga honi ndefu, kama afukuzaye mifugo barabarani kwao Rombo, na kundi zima likaligeuzia gari mgongo, likakimbilia upande wa lile shuka, ambalo machoni pao lilikuwa theluji tu.

Marehemu alivunjika mbavu na pafu lake likatobolewa, akatibiwa huko huko, na tarehe 21 Januari akahamishiwa hospitali iliyo karibu na nyumbani, ambako nimonia ilimshika. Akiwa na fahamu alimuuliza Wainaina kama kuna mnyama aliyevunjika mguu, kisha akasema, "Mwambieni Kalisti aje. Sitamgombeza. Aje tu." Vaileth alimpigia simu Kalisti, na Adela akamfuata hadi kwake, naye akajibu, "Nitapita, dada, wiki hii kazi zimenibana." Hakupita. Alichofanya ni kuandika yale maneno ya tamaa ya picha, na baadaye kuiomba familia, kwa ajili ya umoja wa chama, isome leo neno moja tu, ajali. Familia imekataa. Aliyekufa hana mdomo, lakini ana ndugu.

Katika ratiba mliyo nayo mkononi imeandikwa kwamba baada ya historia hii Mwenyekiti atatoa salamu za chama. Hatazitoa. Atasimama Kimani Wainaina, ambaye si mwanachama, aseme alichokiona. Bwana Kalisti Tarimo, uliyeketi safu ya pili, akimaliza yeye, ukitaka kusema ulichokifanya, njia iko wazi. Ukitaka kusema jambo lingine, endelea kuketi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, wenzake wa chumba cha eksirei Gaithersburg waliokuja kumwona kila jioni baada ya zamu, majirani wa Hyattsville waliopika na kuzoa theluji mlangoni bila kuombwa, na Mchungaji aliyekesha na Vaileth. Elisante, mwana wa Naftali, lala kwa utulivu mikononi mwa Mungu.

Elisante Naftali Mshana alifariki dunia hospitalini, Jumanne tarehe 28 Januari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.