Bi. Noreen Tuckwell na Bucha la Hanrahan

Ijumaa, 28 Juni. Asubuhi ya ukungu mzito. Mto hauonekani, na yule samaki wa saruji mbele ya kibanda chetu cha kuelekeza wageni anaonekana mkia tu. Leo Bi. Noreen Tuckwell amestaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwapokea wageni wa mji wetu wa Kurrabin.

Alianza kazi mara tu baada ya mafuriko makubwa. Mji ulikuwa umehamia penye mwinuko, lakini Noreen aliendelea kuelekeza watu kwa vitu vilivyokwenda na maji. "Kata kushoto kwenye bucha la Hanrahan, mpenzi. Huwezi kupotea." Walipotea wote. Walizunguka na karavani zao, zile nyumba za magurudumu, wakabisha hodi kwenye nyumba za watu, wakapewa chai, na wengine wakabaki mpaka Jumapili.

Mwaka jana mimi, msaidizi wake, nilichora ramani safi na kusimamisha vibao. Hakuna aliyepotea tena: walipiga picha na samaki, wakaondoka. Colin Pfeiffer wa duka la mikate akanijia juu. "Dada, umewaonyesha njia ya kutokea!" Tuliving'oa vibao, lakini sikuelewa nilichokosea. Bado sielewi vizuri, na Jumatatu kibanda ni changu.

Leo tulipanga kumuaga saa sita mchana, ukumbini. Noreen alishikilia kuwaalika watu mwenyewe. Saa sita na nusu tulikuwa mimi, Colin na keki. Niliingiwa na hofu kwamba mji umemsusa, tena siku hii. Ndipo Colin akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Kasema ukumbini! Ukumbi upi?"

Tukabeba keki hadi mtoni, ulipokuwa ukumbi wa zamani. Zimebaki ngazi tu. Kabla hatujaona mtu tulisikia vicheko kwenye ukungu. Mji mzima ulikuwa pale, na Noreen amekaa ngazi ya juu kama malkia. "Mmechelewa, wapenzi. Mlipotea?"

Wakati wa kukata keki, mzee mmoja mgeni na mkewe waliniuliza njia ya kwenda kwenye kambi ya karavani. Nilifungua mdomo kuwatajia barabara, nikajisikia nikisema: "Kateni kushoto kwenye bucha la Hanrahan."

Asante, Noreen. Ustaafu mwema, na kila njia utakayoshika ikufikishe penye birika la chai ya moto.

Wale wageni wawili walibisha hodi kwangu jioni. Nimewapa chai na chumba cha mbele. Sasa ni saa tano na robo usiku, naenda kulala.