Mitungi Iliyopasuka Upande Mmoja

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki wa marehemu, mimi ni mdogo wake wa mwisho, familia imenipa kazi ya kusoma historia ya maisha yake, na kabla sijaanza naomba mnivumilie karatasi hii ikitetemeka, maana si baridi wala si uzee, ni woga, na nitakapofika mwisho mtajua ninaogopa nini, na kwa nini tumewaleta ng'ambo hii ya mto badala ya makaburi ya familia yaliyo chini ya kilima, kama wengi wenu mlivyotegemea.

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Masikio, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa baba yetu mchoma matofali na mama yetu mshonaji, na mama alizoea kusimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa, alitulia tu kama anayesikiliza, mkunga akaingiwa na hofu, akamzaba makofi mawili ya matakoni ndipo nyumba ikapumua.

Alisoma shule ya msingi iliyo jirani na reli kuanzia mwaka 1964, ambako aliadhibiwa mara nyingi kwa kulaza kichwa juu ya dawati, walimu wakidhani anasinzia, kumbe anasikia treni kwenye mbao kabla wenzake hawajaisikia hewani, akamaliza sekondari mwaka 1974, kisha akajiunga na chuo cha ufundi wa mitambo ya sauti na kutunukiwa cheti mwezi Desemba 1976.

Mwezi Januari 1977 aliajiriwa redioni, katika chumba cha michezo ya kuigiza, ambako kazi yake ilikuwa kutengeneza mvua kwa punje za mchele zinazodondokea karatasi, na nyayo za mwizi kwa viatu vya mkurugenzi mwenyewe, na baada ya saa za kazi alizunguka na kinasa sauti akikusanya mlio wa soko linapofungwa, korido ya hospitali, cherehani za mama, akiziunganisha sauti hizo kuwa kazi ndefu ambazo watu waliketi kuzisikiliza kwenye ukumbi uliofungwa mapazia, wengine wakatoka wakifuta machozi, na mimi, sitaficha, nilikaa mpaka mwisho nikisubiri wimbo uanze.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na fundi saa, shemeji yetu huyu aliyeketi mbele, ambaye kwa mapenzi alikubali saa zote zinazogonga zibaki dukani zisiharibu kazi ya mkewe, hivyo ikawa nyumba ya fundi saa ndiyo pekee mtaani iliyotuma watoto kwa majirani kuuliza ni saa ngapi, na Mungu aliwajalia watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi, na kijana ambaye ni dereva wa lori, pamoja na wajukuu watatu.

Alistaafu mwaka 2012, na hapo ndipo alipoanza kuchora mandhari, au niseme mandhari moja, kwa sababu hakuwahi kuchora kitu kingine zaidi ya kilima kilicho juu ya mtaa wetu, akishirikiana na rafiki yake mfinyanzi, aliyemfinyangia mitungi yenye shingo nyembamba, wakaizika kwenye mteremko hadi shingoni, kila mtungi na maikrofoni yake tumboni, waya ukishuka hadi dirishani kwake, naye akafunga mapazia, akavaa hedifoni, akachora alichokisikia, sauti nzito ya ardhini akiipaka kwa udongo uleule wa mitungi, majani kwa kijani chepesi, na alipomaliza ndipo alipofungua pazia ili arekebishe anga tu, kwa kuwa anga, alisema, halina sauti.

Katika mvua za mwaka jana tuliona kwenye picha zake mstari mweusi unaokata kilima kiunoni, mwanawe akadhani ni unyevu umeingia kwenye turubai, lakini yeye alieleza kwamba hapo ndipo sauti inapokatika, kwamba linalotokea kwenye mitungi ya juu halifiki tena kwenye mitungi ya chini, na wakati huohuo mtungi mmoja ulipasuka ardhini, mfinyanzi akaomba radhi akidhani hakuukausha vizuri, akafinyanga mwingine mnene zaidi, nao ukapasuka, akabadilisha udongo, wa tatu ukapasuka vilevile, mpaka akaona aibu kupita mbele ya nyumba ya rafiki yake.

Marehemu ndiye aliyemwita, wakapanga vipande vya mitungi yote mitatu barazani, wakaona kwamba yote imepasuka upande mmoja, upande ulioelekea juu ya kilima, na mimi niliyewakuta hapo nilipokelewa na mfinyanzi kwa maneno ambayo sijayasahau, kwamba kaka, leo nimejua sikukosea, na laiti ningekuwa nimekosea.

Tangu siku hiyo dada yetu aliishi kwa hofu kwamba kilima kimekatika ndani na siku moja kitatuporomokea, na aliitangaza hofu yake bila haya, akapita nyumba kwa nyumba akiwavisha watu hedifoni, wengine wakasema wanasikia tumbo la mtu mwenye njaa, watoto wakambandika jina la Bibi Tetemeko, ofisi inayohusika ikamshauri asubiri kiangazi, naye alijibu wote kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi nilimwamini, si kwa akili nyingi, bali kwa sababu ni mwoga wa kuzaliwa, tena nyumba yangu ndiyo ya kwanza chini ya mteremko.

Mwezi Februari mwaka huu moyo wake ulianza kushindwa, akalazwa tarehe 2 Machi, na hata kitandani alimwuliza kila aliyemtembelea kama amehama, akamwambia mumewe, "Baba Watoto, hameni, mimi mwenzenu nimeshahama," akacheka peke yake, na tarehe 21 Machi, saa tano asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono, alifariki dunia.

Juzi wachimba kaburi walikwenda kwenye makaburi ya familia, wakachimba hadi kiunoni, wakapumzika kunywa maji, waliporudi wakakuta kuta mbili za kaburi zimekaribiana na koleo halichomoki, wakakimbia wakaacha viatu, na hiyo ndiyo sababu tuko huku.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa redio, na mfinyanzi aliyemsindikiza hadi mwisho, na inawashukuru majirani, na kwenu ninyi nina neno la ziada, nalo haliko kwenye karatasi.

Leo asubuhi mfinyanzi ameukagua mtungi wa mwisho, umepasuka, upande uleule, na mawingu mnayaona. Mkuu wa shule iliyo nyuma yetu ametufungulia madarasa, magodoro yamekwisha kufika, lori la mpwa wangu liko hapo barabarani na litapanda mtaani mara tutakapomaliza kufukia, kuchukua wazee na watoto waliobaki. Jamani, najua mtanicheka, na nawaomba mnicheke mkiwa ndani ya lori. Msiba huu uwe mmoja.

Dada, pumzika kwa amani, wewe uliyeogopa kwa niaba yetu sote. Zamu ya kuogopa sasa ni yetu.