Egidius Rweyongeza, Aliyetangaziwa Kifo Mara Mbili

Tumsifu Yesu Kristo. Nanyi majirani zetu, assalaam alaykum. Mimi ni Consolatha, mdogo wake marehemu, aliyemfuata mgongoni ni mimi. Nimeambiwa nisome taratibu. Nitajitahidi, ila sauti ikikatika mnivumilie.

Kaka yetu Egidius Rweyongeza alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974 hapa Wete, mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu, mwalimu aliyehamishiwa Pemba kutoka Bukoba, na mama yetu, Ma Theopista, huyu aliyeketi mbele yangu bila chozi. Bukoba tulikuwa tukienda kusalimia tu. Nyumbani kwa Egidius palikuwa hapa.

Alisoma msingi na sekondari hapa hapa Wete, kisha akasomea uandishi wa habari Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1998. Mwaka uliofuata akaajiriwa redioni. Siku ya kwanza hewani ulimi ulimponyoka akasema "ntu", kama tusemavyo huku Pemba, badala ya "mtu". Mhariri alimfokea, lakini huku mtaani jirani yetu Bi Khairiya alitoka uani mbio akipiga kelele, "Ntoto wetu huyo! Ntoto wetu!"

Redio hiyo ikamfanya mwandishi wake wa nchi za nje. Alikaa Bujumbura, akakaa Goma, akakaa Juba. Mwaka 2004 alifunga ndoa na Modester, muuguzi, katika kanisa letu hili, na akachelewa ibada kwa kuwa alikuwa nyuma ya sakristia anatuma habari kwa simu. Mama alimvuta sikio mbele ya padri.

Novemba 2008, mashariki mwa Kongo, gari la waandishi lilishambuliwa. Mwenzake Nehemia alikuwa anasikia baridi, Egidius akamwazima koti lake, na mfukoni mwa koti kulikuwa na kitambulisho. Nehemia aliungua humo garini. Egidius alikimbilia msituni, hana simu. Redio yake mwenyewe ikatangaza kwamba Egidius Rweyongeza hatunaye tena. Tukafunga turubai, Mama akalia mpaka sauti ikamkauka. Siku ya tatu watu wanakula, simu ikalia: "Mama, ni mimi. Ni mzima." Mama alianguka akazimia. Alipozinduka alisema hatamlilia tena mtu kwa kuambiwa tu.

Egidius naye hakupona moyoni. Kila baridi ikija alikuwa akimtaja Nehemia. Mwaka 2012 aliacha kazi, akarudi Wete, akawa mtunzi wa vitabu. Kitabu chake, Koti la Nehemia, kilitoka mwaka 2015. Ukimsifu alikuwa akijibu, "Kakiandika Nehemia mwenyewe, mimi nimenakili tu." Tukadhani vita vimemwisha.

Januari mwaka huu wa 2025 akasema anarudi Juba kutafuta habari za kitabu cha pili. Mama alimshika shati. "Wiki mbili tu, Mama," akasema. Huko malaria ikampanda kichwani, figo zikashindwa kufanya kazi. Nilimfuata. Hakunitambua. Alifariki dunia tarehe 9 Februari, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Vibali vya kumsafirisha vikacheleweshwa hivi, vikacheleweshwa vile, ndiyo maana jeneza limefungwa na daktari amekataza lisifunguliwe.

Basi hapo ndipo tulipokwama. Mama haamini. Tangu juzi anawafukuza wanaolia: "Msinililie mwanangu! Mshanizikia mara moja." Anasema mle ndani yumo mtoto wa mama mwenzake, kama ile mara ya Nehemia. Jamani, nifanyeje? Padri kajaribu, Bi Khairiya kajaribu. Mimi nimepiga magoti, nimelia, hata nimemkaripia mama yangu mzazi. Kaburi hili likifukiwa kabla hajaaga, atakaa mlangoni akimngoja mpaka naye afe, na mimi nitakuwa namtazama. Sina nguvu hizo. Sina.

Kwenye ratiba mlizoshika, penye walioachwa pana mstari mtupu. Ni wa Mama. Alikataa katakata nisimwandike. "Mimi sijaachwa," alisema. Leo naomba radhi, nitamkosea adabu.

Marehemu ameacha mke, Modester. Ameacha mtoto mmoja, Jerry. Ameniacha mimi, mdogo wake. Na ameacha mama yake, Ma Theopista.

Umeachwa, Mama. Safari hii sikusikia redioni. Nimemwosha mwenyewe, kwa mikono hii. Nimemnyoa ndevu. Vile vidole viwili vya mguu wa kushoto vilivyoshikana, ulivyokuwa ukivibusu ukimwogesha, nimevikausha kimoja kimoja, vilikuwa baridi, nikamvalisha soksi. Hakuna mtoto wa mwenzako mle ndani. Ni Egi wako.

Mungu ampokee, amlaze kwa amani.

Simama, Mama. Udongo wa kwanza ni wako.