Walinipa Mafagio Wakachukua Darasa Langu

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, marahaba, hata ambao hamjaniamkia. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha walimu wanawake ameniomba niseme kwa upole. Nimemwambia nitajitahidi. Nikishindwa mtanisamehe, maana jambo lenyewe bado linaniwaka kifuani.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia, sekondari, upande huu wa Mlingotini. Nimeanza kazi nywele zangu zikiwa nyeusi zote. Vitabu vilikuwa haba, kwa hiyo maji yakishakupwa nilikuwa nawachukua wanafunzi tunaingia kwenye tope la mikoko, wanaishika mizizi kwa mikono yao. Sare zinachafuka, wazazi wananung'unika, lakini somo haliwatoki.

Kisha zikaja kompyuta shuleni, pamoja na tovuti maalumu ya kutafutia masomo. Unaandika mada, inakuletea michoro, majaribio na maswali yaliyochambuliwa kwa ajili ya darasa. Nilifurahi kuliko vijana. Siku ya mafunzo nilikaa mstari wa mbele.

Mkufunzi alitoka mjini, mtu wa haraka haraka. Alikuwa anaongea na ukuta, sisi tuko nyuma yake. Nikanyoosha mkono. Akasema, "Haya mama, jaribu." Nikaandika neno moja tu: mikoko. Hakikuja kitu. Akachungulia begani kwangu, akapaza sauti ukumbi mzima usikie: "Mama, unatafuta magari ya kifahari? Hii ni tovuti ya elimu!"

Ndiyo, najua, kwa vijana wa mjini mkoko ni gari la bei mbaya. Ukumbi ukaangua kicheko. Akaninyang'anya kipanya mkononi, akabonyeza mara hapa mara pale, akauliza, "Umeona?" halafu akaenda meza nyingine. Sikuwa nimeona lolote. Na baadhi yenu mliokuwepo siku ile mlicheka. Simtaji mtu. Mnajijua.

Nikasema basi, nitajifunza mwenyewe. Wapi! Chumba cha kompyuta kikapigwa kufuli, ufunguo anao mkuu wa shule, na mkuu yuko vikaoni. Siku niliyompata akaniambia, "Vile ni vitu vya gharama, mama, mtaviharibu." Vikakaa na nailoni zake kama maiti zinazosubiri kuzikwa. Ndugu zangu, nawaambia, mtu huyohuyo aliyetufungia mlango ndiye aliyesimama kwenye kikao cha walimu akatangaza kwamba asiyeweza teknolojia hatashika vidato vya juu. Baiolojia yangu akampa mwalimu mgeni aliyekuja kujitolea, kijana aliyesomea Fizikia. Mimi nikapewa usafi wa mazingira.

Mafagio! Kugawa mafagio na kukagua vyoo.

Hapo ndipo nilipoanguka. Presha ikapanda. Chakula kikawa hakipiti, na sikumwambia mtu. Binti mmoja wa kidato cha tatu akanikuta nje ya stoo, akaniuliza taratibu, "Mwalimu, kwani umekosa nini?" Niliingia stoo nikavuta mlango, nikalia kwa kujibana nisisikike. Siku zile zile nikaamua kuomba kustaafu kabla ya wakati.

Nikaenda Mapinga kumweleza rafiki yangu, mwalimu mwenzangu tuliyesoma naye chuo. Alinisikiliza huku anachambua choroko. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo umewaachia?"

"Nifanye nini? Chumba wamekifunga."

Akaweka ungo chini. "Chumba cha nini? Ile tovuti si inafunguka hata kwenye simu!"

Nilimtazama kama amenitukana. Muda wote ule simu ninayo kwenye mkoba, naitumia kuulizia bei ya samaki! Hakuna aliyetuambia. Mkufunzi hakusema, mkuu hakusema. Nikaitoa kwa hasira, nikamwekea mbele yake.

Rafiki yangu hakunionea huruma, na namshukuru. Alinipa simu yangu mwenyewe, akasema, "Andika wewe. Mimi siigusi. Na usiandike neno moja, andika kile unachotaka mtoto akielewe, taja na kidato." Nikaandika: jinsi mizizi ya mikoko inavyopata hewa, kidato cha tatu, jaribio. Yakaja majibu. Akanionyesha pa kuchagua michoro peke yake, majaribio peke yake. Mchoro mmoja ulikuwa mzuri kwa rangi, lakini ulikuwa umeupachika mkoko mizizi ya mchu, mti mwingine wa topeni, ile mizizi inayochomoza juu kama penseli. Nikasema, "Huu mwongo." Akacheka. "Ndiyo maana inamhitaji mwalimu."

Sikustaafu.

Kijana wa Fizikia alinifuata wiki iliyofuata, aibu imemjaa usoni, akaniomba nimsaidie mada ya mimea. Moyo wangu ulitaka kumfukuza. Nikamwambia, "Toa simu, kaa hapa." Kesho yake akaja na mwalimu wa Jiografia. Tukawa tunakutana kwenye kibaraza changu baada ya alasiri, na mwalimu mmoja akawa anatoka Lugoba, njia yote ile, kwa sababu kwao nako kuna kufuli.

Muhula ulipoisha, kijana yule alisimama kikaoni mbele ya mkuu akasema, "Somo hili lina mwenyewe, na mnamgawisha mafagio." Nami nikasimama. "Naomba darasa langu, na ufunguo ukae ofisi ya walimu." Mkuu akatazama huku na huku, hakupata wa kumuunga mkono. Darasa nikarudishiwa. Ufunguo tukaupata baada ya kuvutana sana. Radhi hajaniomba mpaka leo, na mimi sijajifanya nimesahau.

Namshukuru rafiki yangu wa Mapinga, Mungu amzidishie. Namshukuru kijana yule, maana kunyamaza kungemfaa zaidi. Nawashukuru wote waliokaa kwenye kibaraza changu bila kumcheka mtu aliyekosea herufi.

Ninachowaachia ni hiki. Mtu akikwambia jambo fulani ni gumu, halikufai, muulize amekufundisha lini ukashindwa. Na hasira yako usiimeze ikakuua kama ilivyotaka kuniua mimi. Ipe kazi.

Nimemaliza kusema. Sasa toeni simu. Kila mmoja aandike mada anayofundisha Jumatatu, na nyinyi wa nyuma sogeeni mbele.