Jani la Sale Ambalo Tekla Hakulikata

Wasikilizaji wapendwa, wewe uliye jikoni punguza moto kidogo. Wewe uliye dukani, sogeza redio karibu. Leo tunamkumbuka Tekla wa Moshono, ambaye wengi mlimwita Mama Maua. Mimi Swabaha, mtoto wa Kaloleni, ndiye nitakayesimulia, na nawaambia mapema kwamba habari hii si nyepesi. Tekla alifariki tarehe sita Desemba iliyopita, akiwa na miaka hamsini na nane. Alifariki akisubiri mizizi. Nivumilieni, mtaelewa.

Barazani kwake hukuweza kupita bila kugusa kopo. Alipanda kwenye ndoo za rangi, sufuria zilizotoboka, hata beseni lililopasuka. Watu walimletea maua yao wagonjwa yakiwa yamefungwa kwenye khanga. Yeye hakuuliza maswali. Alichota udongo, akaunusa, akakuambia, "Umelizamisha. Lilikuwa halina kiu, wewe ndiye ulikuwa na wasiwasi."

Mimi alinipa kijiti cha rozimari nikapande. Kila asubuhi nikawa nakichomoa kidogo, nione kama kimeota mizizi. Siku ya tisa kikakauka. Nikampelekea, nikidhani atanionea huruma.

"Swabaha mdogo wangu," akaniambia, "kijiti hakichunguliwi. Unakipanda, unakiacha. Jani jipya likichomoza, ujue huko chini kumekubali. Kabla ya hapo mikono yako ikae mfukoni."

Lishikeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Kijiti hakichunguliwi. Ndiyo sheria aliyotufundisha sote.

Katikati ya makopo yale palikuwa na chungu kimoja ambacho hakuuza wala kugawa. Ndani yake ulikuwemo mmea wa sale. Mimi si Mchaga, hili nimefundishwa na binti yake, Agnela. Sale ni mmea wa majani marefu ya kijani. Wachaga huupanda mpakani na makaburini. Na ukimkosea mtu kosa zito, unamtumia jani la sale lililopigwa fundo. Akilipokea, amekusamehe. Sale lile Tekla alikatiwa na mama yake mzazi, nyumbani Kibosho, siku alipoolewa.

Sasa sikilizeni kosa lake. Mama yao alipofariki, miaka kumi na miwili iliyopita, Tekla alisimama msibani mbele ya watu wote, akamnyooshea kidole kaka yake, Ludovick. Akasema, "Mama hakuuawa na ugonjwa. Mama kauawa na huyu, aliyemwacha ndani bila hospitali." Ludovick aliinamisha kichwa, akaendelea kushika sepetu. Tangu siku hiyo hawakusemezana.

Mwaka jana, mwezi wa pili, shangazi yao Anna ndiye aliyefungua mdomo. Kumbe mama yao mwenyewe ndiye aliyekataa hospitali. Na alimwapisha Ludovick asimwambie Tekla, kwa sababu Tekla angekuja kumbeba kwa nguvu. Ludovick alikubali kuitwa muuaji ili asivunje neno la mama yake.

Agnela anasema mama yake alikaa chini pale pale, sakafuni, na simu mkononi. Akampigia kaka yake. Haikupokelewa. Akapiga tena wiki nzima, haikupokelewa. Aibu ilimla. Kila alipopalilia, alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, kauawa na huyu. Ikabaki njia moja, jani la sale. Lakini Tekla alikuwa Tekla. Alisema, "Nilimvunjia heshima mbele ya watu, nitamwomba mbele ya watu." Maana yake angesubiri Krismasi, ukoo mzima unaporudi nyumbani Kibosho. Na jani lingetoka kwenye sale la mama yao, si kwingine. Kule Kibosho masale ya mpakani yalishang'olewa, ukajengwa ukuta wa tofali. Sale la mkono wa mama yao lilibaki moja tu duniani, kwenye chungu cha Moshono.

Oktoba moyo ukaanza kumsumbua. Akalazwa wiki tatu. Akina mama wa jumuiya yake ya kanisani wakajipangia zamu ya kumwangalizia nyumba. Walifagia, walipika, walimtunzia kuku. Na kila mmoja alijua chungu kile ndicho roho ya Tekla. Basi kila mmoja, kabla ya kuondoka, alikimwagia kikombe cha maji. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Jirani yake, Mama Elihuruma, aliniambia huku akilia, "Mimi niliweka asubuhi, na jioni nikaweka tena. Nilikuwa namwombea huku namwagilia."

Tekla aliporudi, hakuingia ndani kwanza. Alikwenda barazani kwenye chungu. Majani ya chini yalikuwa ya njano. Alipobonyeza shina, kidole kikazama. Akanusa udongo. Hakuhitaji mtu amwambie kitu.

"Agnela," alisema, "mama amekufa tena, na safari hii kafia kwangu."

Hakumlaumu mtu. Wangapi kati yetu tungeweza? Kesho yake, akiwa amekalia kigoda kwa sababu miguu ilimvimba, aliomba kisu kikali. Akalifuata shina kwenda juu, akikata kipande kwa kipande, kutafuta palipokuwa bado peupe ndani. Alipata vijiti vitatu. Akaviacha siku mbili kivulini vikaushe kidonda. Akavipanda kwenye makopo, mchanga na mkaa uliopondwa, akayaweka dirishani mbali na mvua za vuli. Kisha ikabaki kusubiri.

Cha kwanza kikaoza baada ya wiki mbili. Cha pili kikalainika siku nne baadaye. Tekla alikuwa anaamka na kuuliza kopo kabla ya kuuliza dawa. Daktari alishamwambia Agnela kwamba moyo umechoka sana. Naye Tekla alijua, maana alikuwa mtu wa kusoma dalili. Kijiti cha tatu kilisimama. Kilikuwa na majani manne. Manne tu, nayo ya kijani.

"Mama," Agnela alimwambia, "kata moja. Nimpelekee mjomba leo hii, nirudi jioni."

"Nikikata kabla hakijashika, nakiua. Hayo majani ndiyo yanayokilisha."

"Basi nichimbe kidogo tu, tuone kama mizizi ipo."

"Usithubutu. Kijiti hakichunguliwi. Jani jipya halijachomoza."

"Mama, na wewe je? Krismasi ni mbali."

Tekla akageuka kulitazama kopo. Agnela anasema mama yake aliogopa. Aliogopa kufa bila kusamehewa, na aliogopa vile vile kumwua mama yake kwa kisu. Akasema, "Nipe wiki moja." Wiki ikaisha, jani jipya hakuna. Akaomba wiki nyingine. Siku za mwisho alihamishia kitanda sebuleni, uso ukitazama dirisha. Alikuwa anasema na kile kijiti, taratibu, kama anambembeleza mtoto ale. "Chomoza basi. Nisaidie. Chomoza."

Tarehe sita Desemba, saa nne asubuhi, Tekla akafariki. Majani yalikuwa manne.

Walimzika Moshono, kwenye makaburi ya kanisa. Ludovick alikuja. Mzee mrefu, kofia mkononi, alisimama nyuma kabisa ya watu. Agnela akamfuata na lile kopo.

"Shikamoo mjomba. Mama alikuwa anakuandalia hili. Ni sale la bibi. Alisema nikuambie, alishaujua ukweli na hakuwa na uso wa kukutazama."

Ludovick alilipokea kwa mikono miwili. Watu walipomaliza kuweka maua, alisogea kichwani mwa kaburi, akapiga magoti, akachimba kishimo kwa vidole, ili apande sale pale kama ilivyo desturi yao. Akalipindua kopo, akaligonga taratibu.

Wasikilizaji wapendwa, nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu. Mchanga ulitoka ukiwa umeshikana mzima. Mizizi ilikuwa imezunguka kopo lote, myeupe na minene, ikatafuta hata tundu za chini. Mama Elihuruma akashika mdomo. Ilikuwa mizizi ya wiki tatu, labda na zaidi. Tekla angekata jani Novemba, na kijiti kisingedhurika hata kidogo.

Ludovick alikaa chini kwenye udongo, mmea mapajani. Akasema, "Simu zako niliziona zote, Tekla. Nilidhani unapiga kunitukana." Kisha akakata jani moja, akalipiga fundo ambalo dada yake hakuwahi kulipiga. Akatutazama, mmoja mmoja. "Mimi nilishamsamehe. Sasa jibu nampelekea nani?"

Swali hilo nimelibeba mpaka hapa studio.

Agnela, pole sana mwanangu. Mzee Ludovick, pole baba, mzigo ulioubeba ni mzito na uliubeba bila kulalamika. Akina mama wa jumuiya, poleni, na msijihukumu kwa vile vikombe vya maji. Mwenyezi Mungu ampokee Tekla, ampumzishe.

Nanyi wengine, fikirini. Mkono ukae mfukoni kwenye kopo la rozimari, sawa. Kwa binadamu mwenzako hapana. Sasa hivi nafunga kipaza sauti kwa dakika moja. Sitaweka muziki, na simu za studio nimezizima, kwa hiyo msinipigie mimi. Dakika hii ni ya kumpigia yule unayemjua. Na kama ni wewe unayepigiwa, tafadhali, pokea.